ALIYETIA RANGI MAJI NA AITOE

Najua jarida letu la Chama cha Kiswahili kila mwaka hujaa ngano, mashairi na vitendawili, na mimi mwenyewe huanzia kwenye vitendawili. Lakini mwaka huu naomba mnivumilie nizungumze juu ya maji na kemia. Wako wenzangu wanaosema ati sayansi haiwezi kuzungumzwa kwa Kiswahili. La hasha! Kijito kinachopita chini ya boma letu hakijui Kiingereza wala Kiswahili. Kikichafuka kinatuchafukia sote, aliyepata alama ya A na aliyepata E.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yangu na akina mama wengine saba wa kijijini wana chama cha kutia vitambaa rangi, zile batiki za kufunga mafundo. Hununua kitambaa cheupe cha pamba, hukikunja, hukifunga kwa uzi hapa na pale, kisha hukitumbukiza katika beseni lenye rangi, chumvi na magadi. Kikitolewa na kufunguliwa utaona miduara na miale ya zambarau, samawati na manjano, hata mtu asiye na haja ya kitambaa atasimama aulize bei. Huviuza katika soko la Khayega na wakati mwingine mjini Kakamega. Wenzangu wa shule ya kutwa mtanielewa nikisema kwamba pesa hizo si za anasa. Ndizo pesa zangu za chakula cha mchana. Ndizo zilizonunua sare niliyovaa nikiandika maneno haya. Muhula ambao vitambaa havikuuzika, mimi nilikuwa miongoni mwa wale wanaosomewa majina kwenye paredi na kurudishwa nyumbani.

Sasa, kitambaa kikishatiwa rangi lazima kisuuzwe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka maji yatoke meupe. Maji hayo yote yalikuwa yakimwagwa mtaroni, na mtaro unateremka hadi kijitoni. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi nimeyamwaga mara nyingi, tena nikifurahia kuona kijito kikigeuka zambarau kama wino.

Mwezi wa pili mwaka huu, mzee jirani yetu wa upande wa chini, ambaye pia hufuga samaki katika kidimbwi, alikuja nyumbani na chupa mkononi. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani akamwambia mama, "Mama, haya ndiyo maji ng'ombe wangu waliyoyakataa jana. Sasa mimi niwape nini?" Mama alijibu, "Mzee, tuwie radhi," kisha akaficha mikono yake chini ya leso, kwa sababu ilikuwa ya samawati mpaka viwikoni.

Neno hilo lilifika barazani. Huko watu waligawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema chama kifungwe mara moja, akina mama warudi kulima. Wa pili walisema mto ni wa Mungu na hujisafisha wenyewe, na kwamba ng'ombe wa mzee wanadeka tu. Mwishowe chama kikapewa miezi sita kitafute njia, la sivyo kiache kazi.

Wasomaji wapenzi, mimi sikubaliani na pande zote mbili. Wanaotaka chama kifungwe wanataka kuniondoa darasani bila wao kujua. Wanaosema mto hujisafisha wanajidanganya. Maoni yangu ni kwamba aliyetia rangi maji na aitoe, kabla maji hayajatoka bomani mwake. Tena uwezo wa kuitoa tunao, hapa hapa Mukumu, kwa stima kidogo, kipande cha sufuria kuukuu na majivu ya jikoni. Hebu nieleze, msije mkadhani nimeota.

Tuanze na rangi yenyewe. Zamani watu walitoa rangi kwenye majani, magome na mizizi. Mwaka wa 1856, kijana mmoja wa London aitwaye William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Alishindwa. Badala ya dawa alipata uchafu mweusi, na alipouyeyusha kwa spiriti akaona rangi nzuri ya zambarau inayoshika kitambaa. Hiyo ikawa rangi ya kwanza ya kutengenezwa kiwandani iliyouzwa kwa wingi. Hebu fikirini, mtu aliyetupita sisi miaka miwili tu! Alitafuta dawa ya ugonjwa unaotulaza sisi watu wa magharibi mwa Kenya kila mvua inaponyesha, akaambulia rangi iliyobadilisha nguo za dunia nzima. Leo karibu kila shati la rangi, hata la mtumba, limetiwa rangi za ukoo huo.

Rangi hizi zilitengenezwa makusudi zisiondoke kwa jua, maji wala sabuni. Huo ndio ubora wake sokoni, na huo huo ndio ubaya wake mtoni. Si rangi yote inayoshika uzi. Nyingine hubaki katika maji, na vijidudu vya mtoni vinavyokula majani yaliyooza na kinyesi hushindwa kuila. Basi huyo anayesema mto hujisafisha asema kweli kuhusu majani. Kuhusu rangi, amekosea. Tena rangi nyingine zina nguvu sana: gramu moja tu ndani ya tangi la lita 1000 yatosha jicho kuiona. Maji yakiwa na giza, jua halifiki chini. Mimea ya majini ikikosa mwanga haitengenezi oksijeni, na samaki huumia. Isitoshe, katika kundi kubwa kuliko yote la rangi hizi, liitwalo rangi za azo, zimo ambazo zikivunjikavunjika hutoa kemikali zinazoweza kuleta saratani. Si zote, lakini mtu aliye chini ya mto hawezi kuchagua ipi impite na ipi imfikie.

Na chini ya mto kuna watu wengi. Vijito vya Isukha na Idakho huishia ama mto Isiukhu, ambao huuendea Nzoia, ama mto Yala. Yala na Nzoia zote huingia Ziwa Victoria. Kwa hivyo beseni la mama yangu na sahani ya samaki ya mtu wa Siaya ni majirani, ingawa hawajawahi kujuana.

Mtu ataniuliza: kwani ni akina mama wanane pekee wanaochafua maji? Kwa nini usiseme viwanda? Nitasema. Wazee wetu wanakumbuka kiwanda cha nguo cha Kicomi mjini Kisumu, kilichoanguka katika miaka ya 1990. Eldoret kuna Rivatex, ambacho nacho kilianguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na kikazinduliwa upya mwaka wa 2019 kikiwa na mashine mpya. Karibu nasi zaidi, Webuye palikuwa na kiwanda cha karatasi cha Panpaper, kilichoanza kazi mwaka wa 1974 na kufungwa mwaka wa 2009. Rangi ya maji yake haikuwa ya madukani. Ilitoka kwenye mbao zilizopikwa ili kupata karatasi, na ilikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Maji hayo yaliishia mto Nzoia.

Na hapo Webuye ndipo habari yangu inapopata nguvu. Katika miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi waliyachukua maji ya kiwanda hicho wakayapitishia umeme ili kuondoa rangi. Ili maji yapitishe umeme vizuri walitia maji yaliyochujwa kutoka majivu ya kuni. Mnasikia? Majivu! Mwalimu wetu wa kemia alipotuambia hayo nilicheka kwa sauti nikaambiwa nisimame. Nilicheka kwa sababu maji ya majivu ni ile musherekha ya nyanya yangu. Nyanya huchoma maganda ya maharagwe, huweka majivu yake kwenye chombo chenye matundu, humwaga maji juu, na matone yanayotoka chini huyatia kwenye mrenda na kunde zilainike. Miaka yote hiyo tumekula mboga laini bila kujua kwamba chupa ile nyeusi ya jikoni ingeweza kukaa katika maabara ya chuo kikuu.

Njia yenyewe ni hii. Sote tuliosoma Kidato cha Pili tumefundishwa habari za umeme kupita katika maji. Ukichovya vipande viwili vya alumini ndani ya maji ya rangi, ukaviunganisha na betri, kile cha upande wa chanya, yaani anodi, huanza kuyeyuka kidogo kidogo. Alumini iliyoyeyuka huungana na maji na kuwa vitu laini kama utando wa maziwa, ambavyo huikamata rangi na kushikamana nayo. Upande wa hasi, yaani kathodi, hutoa mapovu ya haidrojeni. Mapovu yale hubeba baadhi ya utando na kuupandisha juu kama povu la chai inayochemka. Ulio mzito huzama. Ukichuja, rangi hubaki kwenye kitambaa cha kuchujia na maji hupita. Jambo hili si geni. William Webster alilijaribu kwa maji taka ya London katika miaka ya 1880, akitumia mabamba ya chuma.

Iko njia ya pili, ya kutumia vipande vya kaboni kama vile vya ndani ya betri za tochi. Kwa kuwa maji ya kutia rangi yana chumvi nyingi, umeme hutoa klorini kwenye chumvi hiyo, na klorini huishambulia rangi mpaka ikapauka, kama vile dawa ya madoa inavyopausha shati. Njia hii ni ya haraka, lakini mwalimu alitutahadharisha. Klorini ni sumu kwa mapafu, na inaweza kuungana na mabaki ya rangi yakazaliwa mengine mabaya. Ukiona rangi imepotea, uchafu huenda umevaa nguo nyingine tu. Ndiyo maana mimi naipendelea alumini, kwa sababu hapo rangi haifichwi. Inatolewa, unaishika mkononi.

Tulifanya jaribio, chama cha sayansi na mwalimu wetu, tukiwa tumefungua madirisha yote. Nilileta chupa mbili kutoka nyumbani: moja ya maji ya suuza ya kwanza na moja ya suuza ya tatu. Tulimimina mililita 250 za maji ya kwanza katika bika, tukachovya vipande vya alumini, tukaunganisha volti 12 za mkondo mnyoofu. Ameta ilionyesha nusu ampea. Baada ya dakika 20 juu palikuwa na povu zito la zambarau, na tulipochuja yalitoka maji meupe, yenye umanjano mdogo sana. Darasa lilipiga makofi. Maji ya suuza ya tatu ndiyo yaliyotutesa. Hayo yalikuwa na chumvi kidogo, kwa hiyo sindano ya ameta ililala kama mgonjwa. Ndipo nikatoa musherekha ya nyanya. Vijiko vichache tu, na sindano ikaamka!

Turudi kwenye hesabu, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Michael Faraday, mtoto wa mfua chuma aliyesoma shule kidogo sana, aligundua miaka ya 1830 kwamba kiasi kinachoyeyuka hutegemea kiasi cha umeme uliopita. Nusu ampea kwa dakika 20 ni kulomu 600. Gawanya kwa 96,500, kisha zidisha kwa 9, maana alumini ni 27 na chaji yake ni 3. Utapata gramu 0.056. Ukitoka kwenye bika ukaenda kwenye ndoo ya lita 20, utahitaji kama gramu 4.5 za alumini, yaani kipande kidogo cha mfuniko wa sufuria. Umeme nao, volti 12 kwa nusu ampea kwa dakika 20, ni wati-saa 2 kwa bika, na 160 kwa ndoo. Hiyo haifiki hata moja kwa tano ya uniti moja ya stima. Hesabu hii ni ya kwenye karatasi, na ndoo si bika, lakini inatosha kumjibu anayesema ati hii ni kazi ya matajiri.

Hata hivyo, wapenzi wasomaji, sitaki niwauzie mbuzi kwenye gunia. Mwalimu alichovya karatasi ya litmasi katika yale maji tuliyoyashangilia, nayo ikageuka samawati. Magadi bado yalikuwamo, na chumvi pia, na musherekha ilikuwa imeongeza. Maji yale yalikuwa meupe lakini hayakuwa safi. Niliyapeleka kwa mzee jirani katika chupa ile ile aliyotuletea. Aliyatazama juani, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe unaweza kuyanywa?" Nikasema, "Hapana, babu." Akacheka akasema, "Basi angalau shule hawakufundishi uongo."

Sisi watu wa Mukumu hatuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba macho si kipimo cha maji. Mwaka wa 2023, wanafunzi wenzetu wa eneo hili na mwalimu wao walifariki katika mkurupuko wa ugonjwa, na uchunguzi wa wizara ya afya ulitaja viini vya bakteria. Sitaki kutonesha kidonda kilicho katika nyumba za watu. Nasema tu kwamba viini havina rangi. Kwa hiyo kuondoa rangi ni kulipa deni la aliyeitia. Si ruhusa ya kuyanywa maji, na yeyote atakayekuja hapa na chombo cha umeme akisema kinatoa maji ya kunywa, muulizeni maswali.

Yapo mabishano mengine niliyoyasikia, na itafaa niyajibu. Wengine husema: mwageni dawa ya madoa ndani ya beseni, rangi itaisha. Hiyo ndiyo ile klorini niliyoitaja, na samaki wa mzee hawataipenda zaidi ya rangi. Wengine husema: chimbeni shimo mmwage humo. Shimo la nani, na kisima cha nani kiko karibu? Ardhi yetu hapa imebanana, boma kwa boma. Wengine nao husema: utando ule mliochuja mtautupa wapi? Hilo ni swali la haki. Rangi haikutoweka, imekusanywa tu. Lakini vijiko vichache vya utando mkavu ndani ya mkebe wenye kifuniko vinaweza kulindwa. Ndoo ishirini za maji mtoni haziwezi, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Wako pia wanaosema sheria ni ya wenye viwanda. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 43 kinampa haki ya maji safi na salama. Kifungu cha 69 nacho kinamtaka kila mtu ashirikiane na serikali kuyalinda mazingira. Kila mtu, jameni! Hakikusema kila mtu isipokuwa akina mama wa batiki, wala hakikusema kila mtu isipokuwa wenye mashine kubwa. Nitakuwa mnafiki nikimlaumu mwenye kiwanda ilhali mtaro wetu ni wa zambarau. Na mwenye kiwanda atakuwa mnafiki zaidi akisema hana uwezo, ikiwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ameweza kwa bika na majivu.

Basi napendekeza mambo manne. Kwanza, chama cha mama na vyama vingine viache kumwaga. Maji ya rangi yatumiwe tena kwa vitambaa vya rangi hafifu, na maji ya suuza yahifadhiwe kwenye pipa. Hili halihitaji stima wala mwalimu, na chama chetu kimeshaanza. Maji yaliyotolewa rangi tunayatumia kulowekea vitambaa vipya, kwa kuwa magadi yaliyomo hayana ubaya huko. Hivyo hata mzigo wa kuteka maji umepungua mgongoni mwangu, nami sijalalamika!

Pili, shule yetu iwaruhusu chama cha sayansi walitunze pipa moja la kujaribia, kwa betri ya volti 12 inayochajiwa kwa sola, mwalimu akiwapo. Nasisitiza hapo kwenye mwalimu. Umeme wa ukutani usiguswe, kwa maana ni wa mkondo geu, haufai kwa kazi hii na unaweza kuua mtu. Haidrojeni nayo hushika moto. Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, msije mkaenda kujaribu chumbani halafu mkasema mmesoma kwangu.

Tatu, walio na ujuzi kutuzidi watusaidie. Chuo cha Sigalagala kiko hapa karibu, na kina watu wanaojua kuchomelea na kuunganisha nyaya. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega, na kina maabara zinazoweza kupima kile ambacho litmasi yetu haiwezi. Itakuwa aibu tusome katikati ya taasisi hizi zote kisha kijito kitushinde.

Nne, kaunti ijenge penye soko sehemu moja ya kutia rangi, yenye tangi la pamoja na sola, ili akina mama walipe kidogo kwa kila ndoo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mmoja mmoja watashindwa, lakini kwa pamoja gharama itakuwa kama ya uzi.

Miezi sita ya baraza itaisha muhula ujao. Jarida hili litakapotoka mikononi mwa wapiga chapa, huenda mtakuwa mmeshasikia kama chama kimeruhusiwa au kimefungwa. Mzee jirani amesema hatatoa neno lake mpaka aone pipa likifanya kazi mwezi mzima, na samaki wake wawe hai. Mimi naona hayo ni masharti ya haki. Ningekuwa mimi niliye chini ya mto, ningeyataka hayo hayo.

Ninachowaomba ninyi wasomaji ni kidogo. Kesho ukipita kwenye mtaro wa nyumbani kwenu ukaona maji yenye rangi, usiseme mto utajua. Uliza ni nani aliyeitia, hata kama jibu litakuwa ni mama yako. Mimi niliuliza, na mama hakukasirika. Alinipa pipa akaniambia, "Haya, mwanangu, sasa fanya hiyo kemia yako."

Hapo ndipo ninapokunja jamvi.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili na wa chama cha sayansi.